Makaa, gesi au umeme: jiko lipi linafaa nyumba yako Uganda?

Nyumba nyingi za Uganda bado hupika kwa kuni na makaa. Mjini, aliyepata nafuu kidogo hununua mtungi wa gesi, na siku hizi maduka ya vifaa vya umeme yamejaa majiko ya induksheni, yanayopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, na presha kuka, sufuria za umeme zinazopika kwa mvuke uliobanwa. Ukisimama dukani na pesa mkononi, wa kumuuliza ni muuzaji peke yake, na muuzaji ana lake.

Hesabu ya zamani imebadilika. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya makaa ya biashara kaskazini na kaskazini mashariki, sehemu zilizokuwa zikilisha masoko ya Kampala. Gesi yote tunayotumia huletwa kutoka nje, ikisafiri kwa lori kutoka pwani ya Kenya au Tanzania, kwa hiyo dola ikipanda au barabara ikifungwa, bei ya mtungi husikia. Upande wa umeme, bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, juu ya Isimba (megawati 183, 2019) na Bujagali (megawati 250, 2012). Umeme wa kuzalishwa upo. Kinachosumbua ni nguzo, waya na transfoma za kuufikisha kwako, kazi ambayo tangu tarehe 1 Aprili 2025 iko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi ya Umeme Limited kumalizika.

Nitalinganisha makaa, gesi na umeme kwa vigezo vilevile: pesa ya kila mwezi, pesa ya kuanzia, chakula unachopika, uhakika wa kupata moto unapouhitaji, usalama, na hali ya nyaya za nyumba. Msimamo wangu niuseme mapema: watu huanza kwa kuuliza jiko gani, ilhali jibu mara nyingi liko kwenye mita.

## Pesa ya kila mwezi

Mamlaka ya kudhibiti umeme, ERA, hupanga bei kila robo mwaka, na kwa nyumba za kawaida bei hiyo ina ngazi. Uniti (kilowati-saa) 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kutoka ya 16 hadi ya 80 unalipa bei kamili, ambayo imekuwa ikicheza kati ya 750 na 800 hivi. Kisha inakuja ngazi ambayo wengi hawaijui: uniti ya 81 hadi ya 150 hushuka hadi shilingi 412. Hii ndiyo bei ya kupikia, iliyowekwa makusudi ili watu waache makaa. Ukivuka 150 unarudi kwenye bei kamili. Juu ya yote kuna VAT ya asilimia 18. Kabla ya kupiga hesabu yako, tazama jedwali la robo mwaka uliyomo.

Kwa wenye Yaka, mita ya kulipia kabla, ngazi hizi huhesabiwa kwa uniti unazonunua ndani ya mwezi wa kalenda, na kila tarehe 1 hesabu inaanza upya. Ndiyo maana elfu kumi ya tarehe 2 na elfu kumi ya tarehe 20 hazikupi uniti sawa. Anayedhani mita imemwibia mara nyingi amepanda ngazi tu.

Sasa tulinganishe joto kwa joto. Kilo moja ya gesi imebeba joto la karibu uniti 13 za umeme, lakini jiko la gesi hulipeleka kwenye sufuria nusu yake tu au zaidi kidogo. Nyingine hupasha hewa ya jikoni. Induksheni hupeleka kama asilimia 85 ya umeme wake ndani ya sufuria. Kwa hiyo kilo moja ya gesi hufanya kazi ya uniti 8 hivi. Makaa yana joto la karibu uniti 8 kwa kilo, ila sigiri (jiko la makaa) ya kawaida hukufikishia sehemu ya tano ya joto hilo. Sigiri nzuri ya udongo ndani na bati nje huongeza kidogo.

Tuchukue familia inayomaliza kilo saba na nusu za gesi kwa mwezi. Kazi hiyohiyo ni uniti 60 za induksheni, au kilo 32 hivi za makaa. Tuseme mtungi wa kilo 13 unajazwa kwa 130,000, yaani 10,000 kwa kilo. Makaa ni 1,800 kwa kilo. Na bei kamili ya umeme ni 760. Weka bei za mtaa wako mahali pa hizi. Gesi inatoka 75,000 kwa mwezi, makaa 57,600. Umeme, pamoja na VAT, unategemea ulikuwa ukitumia kiasi gani kabla ya kuanza kupika:

| Uniti za mwezi kabla ya kupika | Nyongeza ya uniti 60 za kupikia |
|---|---|
| 25 (taa, simu, televisheni) | 51,800 |
| 60 (na friji ndogo, pasi) | 37,400 |
| 150 (na hita ya maji, friji kubwa) | 53,800 |

Tazama mstari wa kati. Mwenye friji ndogo na pasi anaangukia katikati ya ngazi ya 412, na kwake umeme unakuwa nusu ya gesi. Mwenye matumizi madogo sana hulipia karibu uniti zote za kupikia kwa bei kamili kabla hajaifikia nafuu, na mwenye matumizi makubwa ameshaipita. Wote wawili bado wako chini ya gesi kwa bei tulizochukua, lakini pengo lao na makaa ni dogo, na makaa yakishuka hadi 1,500 halipo tena.

Sasa mpangaji. Katika muzigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu, vyenye mita moja ya wote, vyumba vitano vinakula ngazi moja. Uniti 15 za 250 zinaisha siku ya kwanza, za 412 zinaisha kabla mwezi haujafika katikati, na baada ya hapo kila mtu analipa bei kamili. Mwenye nyumba akiwa na mita ndogo ndogo za kwake kila chumba, yeye ndiye anayepanga bei. Akitoza 1,000 kwa uniti, zile uniti 60 ni 60,000 na makaa yamekushinda kwa bei. Serikali imeweka nafuu kwa ajili ya mtu wa sigiri, na mtu wa sigiri anaishi kwenye muzigo, ambako nafuu hiyo haifiki. Mimi naona hili ndilo tundu kubwa kuliko yote katika mpango mzima.

Kuna kifaa kinachobadilisha hesabu hii, nacho ni presha kuka ya umeme. Imefunikwa, ina presha, na kuta zake huzuia joto lisitoke, kwa hiyo ikishapanda moto hujizima na kujiwasha mara chache tu. Maharage ambayo hayakulowekwa huiva kwa chini ya saa moja na kula nusu uniti hivi. Maharage hayohayo juu ya sigiri ni saa mbili tatu za makaa. Coil ya kawaida, ile ya waya mwekundu, iko upande wa pili: ni rahisi kununua, lakini hupoteza joto zaidi ya induksheni, na ukipikia maharage juu yake utaona Yaka inavyokwenda mbio.

## Pesa ya kuanzia

Hapa sigiri haina mpinzani. Gesi inakutaka ununue mtungi wenyewe, kichomeo au jiko la meza, rigyuleta na mpira. Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake ndio mlango wa bei nafuu. Umeme unaonekana rahisi mpaka ukumbuke sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na induksheni haizitambui kabisa. Chukua sumaku ya mlango wa friji, iweke chini ya sufuria: ikishika, inafaa. Wasiotaka kubadili sufuria hununua jiko la infraredi, lenye kioo kinachowaka chekundu, ambalo hupokea sufuria yoyote, ingawa ni la polepole na kioo hubaki cha moto muda mrefu. Presha kuka huja na sufuria yake ndani.

## Chakula chenyewe

Matooke ya kufungwa kwenye majani ya ndizi ndiyo mtihani wa kweli. Yanataka moto mdogo, mrefu, usiokatika, na sufuria kubwa ambayo chini imepangwa vikonyo. Sigiri iliyozimwa nusu kwa majivu hufanya hivyo bila kuangaliwa, na hakuna bibi atakayekubali kwamba ladha ni ileile kwingine. Gesi inaweza, ila mtungi unalia. Induksheni ya kichomeo kimoja huweza kwa sufuria ya kiasi. Ukiweka sufuria ya karamu, uzito unazidi uwezo wa kioo na joto linabaki katikati. Katogo, matooke yaliyopikwa pamoja na mboga yake katika sufuria moja, ni jambo jingine: kwenye presha kuka huiva haraka kuliko popote.

Posho, yaani ugali, hupenda gesi. Kusonga kunahitaji sufuria isiyoteleza, na juu ya kioo laini cha induksheni sufuria nyepesi hukimbia na mwiko. Inawezekana, ukiwa na sufuria nzito na mkono wa pili wa kuishika. Chapati hutoka vizuri kwenye gesi na kwenye induksheni pia ikiwa kikaango ni cha chuma. Mchuzi wa karanga, unaoungua ukigeuza macho, hunufaika na induksheni kwa sababu moto wake unashuka mara tu unapobonyeza. Chai ya maziwa vilevile. Mahindi na nyama ya kuchoma ni vya makaa, na sioni kwa nini ubishane.

## Uhakika

Umeme hukatika, hilo halina ubishi, na jioni mtaa mzima unapowasha kila kitu, nguvu hushuka. Taa zinafifia tu, lakini induksheni inapiga kelele, inaonyesha namba ya hitilafu na kujizima. Ikiwa mtaani kwenu hili ni la kila jioni, usiufanye umeme moto wako wa pekee. Kuna dawa ndogo: presha kuka ipike mchana au asubuhi sana, chakula kipashwe jioni.

Gesi haikatiki, ila huisha usiku, na mtungi hauna dirisha. Pembeni mwa mtungi umechapwa uzito wake mtupu. Upime kwenye mzani wa dukani, utoe, utajua umebaki na kilo ngapi. Fanya hivyo siku unapoujaza pia, mbele ya muuzaji.

Makaa hupatikana kila kona kwa kiasi cha pesa uliyonayo, hata ya mlo mmoja, na kwa mtu anayelipwa kwa siku hilo si jambo dogo. Msimu wa mvua hulowa na bei hupanda. Yaka nayo inanunuliwa kidogo kidogo kwa simu. Mtungi wa gesi peke yake ndio unaotaka pesa nzima kwa mara moja.

## Usalama na afya

Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Sigiri iliyoingizwa chumbani usiku wa baridi huko Kabale, mlango na dirisha vikafungwa, huua watu wakiwa usingizini. Hata mchana, moshi na vumbi lake ni la mama na mtoto aliye mgongoni.

Gesi inaungua safi zaidi, lakini ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya. Ukisikia harufu yake, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje. Mpira ukianza kupasuka ubadilishwe, na mtungi ujazwe kwa wakala anayetambulika.

Umeme hauna moshi wala mwale. Hatari yake iko ukutani: soketi iliyolegea, ekstensheni nyembamba inayobeba jiko, friji na pasi kwa pamoja. Ukishika plagi baada ya kupika na ikawa ya moto, acha kutumia soketi hiyo. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani amuulize daktari kabla ya kusimama karibu na induksheni.

## Nyaya na mwenye nyumba

Soketi yetu ya pini tatu hubeba ampea 13, yaani kama wati 3,000. Jiko la kichomeo kimoja la wati 2,000 linakaa humo bila shida, na presha kuka ya wati 1,000 pia, lakini si vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Jiko la vichomeo viwili au vinne linataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi. Kazi hiyo mpe fundi mwenye kibali cha ERA, na mwambie akague ethi kwanza, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba nyingi za zamani hazina ethi inayofanya kazi. Mpangaji hawezi kuvunja ukuta wa mtu, na wapo wenye nyumba wanaokataza kabisa kupikia umeme wakiogopa mita ya pamoja. Gesi na makaa havimwombi mtu ruhusa, ingawa mtungi wa gesi kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha ni jambo ningelikataa mwenyewe.

## Maji ya kuoga

Hili watu hulisahau, halafu linakuja kuwa kubwa kuliko kupika. Ndoo ya lita 20 yenye uvuguvugu wa kuoga inahitaji karibu nusu uniti. Tangi la lita 50 likichemshwa hadi nyuzi 60 linakula zaidi ya uniti mbili kila mara, na likiachwa limewashwa siku nzima linaendelea kula kufidia joto linalotoka. Shawa ya papo kwa papo haipotezi kwa kukaa, ila inavuta kilowati 4 au zaidi kwa mkupuo, jambo ambalo waya dhaifu hauvumilii. Kwenye nyumba yako mwenyewe, hita ya sola juu ya paa inaondoa mzigo huu kwenye mita na kukuachia ngazi ya 412 kwa ajili ya jiko. Kwa wengine, birika la umeme na ndoo vinatosha.

## Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una mita yako mwenyewe na unanunua kati ya uniti 40 na 90 kwa mwezi: umeme ndio wako. Nunua presha kuka kwanza, induksheni baadaye. Mtungi wako wa gesi usiuuze. Ujaze na uuweke kwa siku za giza.

Una mita yako lakini unatumia uniti chache tu: ukiwa unatoka kwenye gesi, utaokoa. Ukiwa unatoka kwenye makaa, utakachonunua hasa ni muda na pumzi safi, maana pesa itakuwa karibu sawa. Presha kuka ya maharage na katogo peke yake inaweza kupunguza makaa yako sana bila kugusa desturi ya matooke ya Jumapili.

Uko kwenye muzigo wa mita ya pamoja: uliza bei ya uniti kabla ya kununua chochote. Ikiwa ni kama ya ERA na mwenye nyumba amekubali, presha kuka inafaa hata hapo, kwa kuwa inakula kidogo. Ikiwa ni 1,000 au zaidi, mtungi wa kilo 6 kwa vyakula vya haraka na sigiri nzuri, nje, kwa vya muda mrefu.

Familia kubwa, wageni kila wiki, sufuria za kilo kumi: gesi ya mtungi mkubwa au makaa vitabaki jikoni, na umeme uwe wa chai, mchuzi na maharage.

Mtaani kwenu umeme hukatika mara kwa mara au nguvu hushuka jioni: gesi mbele, umeme nyuma. Baada ya transfoma kubadilishwa, piga hesabu upya.

Uko nje ya gridi na una sola ya taa na simu: mfumo huo hauwezi kubeba jiko, hata muuzaji akiapa. Inahitajika paneli na betri kubwa mara nyingi zaidi, na kwa pesa hiyo gesi au jiko bora la kuni ni chaguo la busara kwa sasa.

Unapika kwa biashara: ngazi ya 412 ni ya mita za nyumbani. Uliza mita yako imesajiliwa daraja gani kabla ya kuhamisha kibanda cha chapati kwenda kwenye umeme.

Unajenga: mwambie fundi apitishe waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye boksi hadi jikoni kabla ya plasta, hata kama leo utaanza na gesi. Kuuongeza baadaye ni kuvunja ukuta, na ni mara kadhaa ya bei ya waya wenyewe.